Shajara ya msimu wa upinde: watu wanne, vibali vitatu

Juni 14

Leo nimefungua daftari jipya. Misimu miwili iliyopita niliandika vipande vipande, huku nyuma ya bahasha, kule kwenye simu, na ulipofika wakati wa kujiuliza tulikosea wapi sikuwa na cha kusoma. Safari hii naandika yote, ya heri na ya shari.

Tuko wanne. Mimi. Mke wangu, aliyeshika upinde kwa mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita na sasa ananizidi shabaha. Binti yetu, kifungua mimba, miaka 14, ambaye mwaka huu ana kibali chake mwenyewe. Na mdogo wake wa miaka 10, ambaye haruhusiwi kuwinda bado, lakini macho yake ni makali kuliko ya sisi sote. Tunawinda kulungu wa mkia mweupe, yule wa Amerika ambaye dume lake huota pembe zenye matawi. Vibali ni vitatu, na kila kibali ni kulungu mmoja.

Malengo nimeandika mawili tu. La kwanza, binti amfume kulungu wake wa kwanza, kama atataka na kama atakuwa tayari. La pili, kila mshale tutakaouachia tuufuate hadi mwisho wake. Hili la pili ndilo zito. Mshale hauna kishindo cha risasi. Unaua kwa kukata tu, damu imtoke mnyama haraka. Chembe, ile ncha kali ya mshale, kikipita kwenye mapafu yote mawili, kulungu anakimbia sekunde chache na kuanguka. Kikipita upana wa kiganja nyuma ya hapo, anaweza kuishi saa nyingi akiteseka, na aliyemtesa ni wewe.

Julai 2

Kazi ya kwanza ni upinde wa binti. Ni upinde wa kapi, na jana aliniuliza mbona ule wangu wa zamani wa mbao hauna magurudumu. Nikamweleza habari za Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, aliyefunga kapi kwenye ncha za upinde, akaomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Upinde wa mbao unazidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta. Wa kapi una kilele, na ukishakivuka mzigo unaporomoka. Wa binti umewekwa mzigo wa ratili 40, kama kilo 18, lakini akifika mwisho wa mvuto anabaki ameshikilia ratili 10 hivi. Kwa hiyo anaweza kuvuta, akatulia, akangoja kulungu ageuze bega. Kwa upinde wa mbao mikono yake ingekuwa imeshaanza kutetemeka.

Hatukuanzia 40. Februari tulianzia 28, tukapanda kidogo kidogo kwa kukaza skrubu za mikono ya upinde, zile sehemu mbili zinazopinda ukivuta. Kipimo changu ni hiki: anakaa kwenye kiti, anainua miguu yote miwili, anaelekeza mshale kwenye shabaha, kisha anavuta moja kwa moja. Akilazimika kuuinua upinde mbinguni ndipo apate nguvu ya kuvuta, mzigo umemzidi. Leo, kwa 40, amevuta mara sita miguu ikiwa hewani na mshale haukuyumba. Mdogo wake alikuwa amelala kifudifudi akichungulia kama visigino vinagusa nyasi.

Julai 21

Siku ya karatasi. Tumefunga karatasi kwenye fremu ya mbao, hatua chache mbele ya shabaha, na kupiga mishale katikati yake. Mshale unaoruka sawasawa unaacha tundu moja la duara lenye mikato mitatu midogo ya manyoya. Wa mke wangu unachana karatasi kwenda kushoto, upana wa kidole, yaani mkia wa mshale unapita pembeni ya njia ya ncha. Kwa chembe butu cha mazoezi huoni tatizo. Ukifunga chembe cha kuwindia, yale makali mapana yanashika upepo na kosa dogo linakuwa kubwa.

Tumesogeza kiegemeo cha mshale mara nne, kila mara kwa kiasi cha unywele. Mara ya nne karatasi ikatoboka vizuri. Mke wangu ameikata, akaandika tarehe, na kuibandika ukutani juu ya meza ya kazi.

Agosti 9

Siku mbaya.

Kazi ya mtoto mdogo ni kukagua mishale kabla ya mazoezi. Anaikunja kidogo karibu na sikio asikilize mlio wa ufa, kisha anakagua kitako, kile kipande cha plastiki kinachong'ata upote, yaani kamba ya upinde. Leo kitako kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama uzi wa buibui. Kilimpita, na mimi nikauweka mshale huo kwenye upinde wangu bila kukitazama. Nilipoachia, kitako kilipasuka, mshale ukaanguka hatua tano mbele yangu kama kijiti, na nguvu yote ambayo ungeondoka nayo ikarudi kwenye upinde. Mlio wake ulikuwa kama wa tawi kubwa linalokatika. Upote uliruka nje ya kapi.

Upinde uliofyatuka mtupu haupigwi tena kabla haujakaguliwa. Nilichukua pamba, nikaipitisha taratibu juu ya mkono wa juu wa upinde, upande wa ndani, kisha wa nje. Karibu na kapi nyuzi za pamba zikanasa. Nikarudia, zikanasa palepale. Ni ufa ambao jicho halikuuona. Kapi nalo limepinda.

Mwanangu nilimkuta nyuma ya nyumba, amejikunyata. Nilimwambia kwamba anayeweka mshale kwenye upote ndiye mkaguzi wa mwisho, na aliyeuweka ni mimi. Alinitikia kwa kichwa lakini sidhani aliniamini.

Agosti 15

Fundi amesema mikono mipya haitafika kabla ya msimu. Nimeshusha upinde wangu wa mbao, ratili 45, ambao niliuacha mwaka ule binti alipozaliwa. Hauna kapi, hauna pini za kulengea, hauna tundu la kuchungulia kwenye upote. Unatazama unapotaka mshale uende, unavuta hadi kidole kiguse pembe ya mdomo, unaachia. Vidole vyangu vya kulia vimeota malengelenge.

Agosti 30

Leo tumewekeana mipaka. Mpaka wa kila mtu ni umbali ambao mishale tisa kati ya kumi inaingia ndani ya sahani ya kulia, na mshale wa kwanza wa asubuhi, mwili haujapata joto, lazima uwe mmojawapo wa hiyo tisa. Huo wa kwanza ndio unaofanana na kuwinda. Porini hakuna kupasha moto.

Mke wangu: mita 28. Binti: mita 20. Mimi na upinde wa mbao: mita 15. Nimejaribu 18 mara tatu na mara zote nimepata saba au nane. Basi ni 15, na nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye mkono wa upinde.

Septemba 13

Tumepandisha madungu mawili. Moja liko ukingoni mwa msitu, mahali ambapo njia mbili za kulungu zinakutana. La pili liko juu ya kijito. Hakuna anayepanda bila mkanda wa usalama kufungwa kwenye mti kuanzia chini, akiwa bado amesimama ardhini. Binti alidhani mkanda ni wa ukifika juu. Hapana. Wengi huanguka wakiwa njiani, wanapanda au wanashuka.

Mtoto mdogo ndiye aliyeziona alama: mche ulioparuliwa gome kwa pembe, utomvu bado unanata, na mita chache mbele yake mwingine, na mwingine. Dume anapita hapa.

Sehemu kubwa ya siku tumeitumia kwa upepo. Tuna kichupa cha unga mwepesi. Ukikiminya unatoka moshi kidogo, nawe unaufuata kwa macho. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa inapanda. Jioni kukipoa inashuka kama maji na kujikusanya bondeni. Dungu la kijito, basi, ni la asubuhi tu, maana jioni harufu yetu yote ingemwagikia palepale kulungu wanaponywa maji. Kulungu akikuona anaweza kusita, akikusikia anaweza kusubiri athibitishe. Akikunusa ameondoka, na pengine hatapita hapo kwa siku kadhaa.

Oktoba 1

Ufunguzi. Mimi na binti kwenye dungu la ukingoni tangu kiza. Saa moja na nusu asubuhi majike wawili na ndama. Walikuwa mita 30, wanakuja. Nikahisi ubaridi nyuma ya shingo: upepo umegeuka. Jike la mbele likainua kichwa, likapiga kwato chini mara mbili, likapuliza pua kwa nguvu kama tairi linalotolewa upepo. Mikia mitatu mieupe juu, basi. Binti akaninong'oneza, "Baba, alituambia tuondoke." Tukashuka.

Oktoba 12

Binti ameachia mshale wake wa kwanza na kukosa.

Jike, mita 19, ubavu wazi. Alivuta vizuri. Lakini mshale ulikwaruza kiegemeo wakati anavuta, mlio mdogo sana, na jike likasimama wima, masikio mbele, misuli imekaza. Nilitaka kumwambia asubiri. Sikusema, nikiogopa kusikika. Akaachia. Mshale ukapita juu ya mgongo wa kulungu na kuzama kwenye majani.

Jioni tulipiga hesabu mezani. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mshale wake unakwenda kama 60. Kwa mita 19, mlio wa upote unamfikia kulungu baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, mshale unahitaji karibu theluthi moja. Katika nafasi hiyo kulungu aliyeshtuka anakunja miguu ili aruke, na mwili wote unashuka. Hakuukwepa mshale kwa kuuona, alikuwa anajiandaa kukimbia tu. Kulungu aliyetulia, kichwa chini, anachelewa kushtuka.

Kabla ya hesabu hizo, lakini, tuliutafuta mshale. Tuliupata baada ya dakika 40 kwa kupapasa. Tuliupitisha kwenye karatasi nyeupe: hakuna damu, hakuna unyoya wa mnyama, hakuna mafuta. Ni hapo tu binti alipolia, na alinieleza mwenyewe kwamba analia kwa sababu hakumuumiza.

Nimebandika ngozi laini kwenye kiegemeo chake. Kosa lile la mlio lilikuwa langu kuligundua tangu Julai.

Oktoba 26

Wiki mbili za mvua, shule na kazi. Tumetoka mara tatu, tumeona sungura.

Novemba 5

Mke wangu amepata.

Siku zimefupika, na kwa kulungu ufupi wa mwanga ndio unaofungua majira ya kupandana, si baridi kama watu wanavyodhani. Mimba yao ni siku 200 hivi, kwa hiyo ndama watazaliwa majani yakiwa tele. Madume yamepoteza uangalifu wao wote. Dume moja lilipita chini ya dungu lake mbio, ulimi nje, likinusa ardhi, na halikumpa nafasi hata ya kuinua upinde. Yeye hakujali. Nusu saa baadaye jike pekee likaja kwa miguu ya taratibu, mita 16, likiwa limegeuka kidogo kumpa mgongo, chembe kiingie nyuma ya ubavu na kuelekea bega la mbali. Anasema hakusikia upote. Alichosikia ni mshale kugonga udongo upande wa pili.

Alingoja nusu saa kamili kwa saa yake ya mkononi. Damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa yenye povu, vipovu vidogo kama vya sabuni, na hiyo ni damu ya mapafu. Kulungu alikuwa hatua 55 kutoka hapo. Watoto walikuja kusaidia. Binti alishika taa, mdogo wake akashika mguu wa nyuma, na mama yao akapasua kwa vidole viwili kuongoza kisu ili kisiguse tumbo la chakula. Nyama ilikuwa imening'inizwa kwenye baridi kabla ya saa nne usiku.

Nilijivuna, na nimeandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu ya yaliyofuata.

Novemba 11

Naandika usiku wa manane. Nimemjeruhi dume.

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, dungu la ukingoni, niko peke yangu. Lilikuwa dume ninalolijua: pembe ya kushoto ncha ya pili imevunjika, nimeliona mara tatu tangu Septemba. Lilikuja likasimama nyuma ya mwaloni, likatoka, likasimama tena. Nilikuwa nimeshapima miti yote kwa hatua. Mwaloni uko mita 19.

Kalamu nyekundu ilikuwa mbele ya macho yangu, 15. Niliiona. Nikajiambia amesimama ubavu wazi, ametulia, na upepo ni wangu. Nikavuta. Akapiga hatua moja mbele wakati vidole vinaachia.

Sauti ya mshale kwenye mbavu ni kama kupasua tikiti. Hii ilikuwa ya bubu, kama ngumi kwenye mto wa maji. Hakuruka. Aliinua mgongo, akaukunja kama mtu mwenye tumbo la kuuma, akaondoka akitembea. Mwenye uzoefu akiona kulungu anatembea namna hiyo anajua kabla hajashuka.

Mshale niliuokota ukiwa na utando wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na harufu ya majani yaliyochacha. Tumboni. Hapa kanuni ni moja: mwache. Mwache kwa muda wa saa nane, kumi, hata kumi na mbili. Ukimwacha, anajilaza karibu na hapo hapo na kufa mahali alipolala. Ukimfuata mapema, anaamka na kwenda mbali, bila kuacha damu ya kufuata.

Lakini mvua ilitabiriwa saa sita usiku. Mke wangu alisema, "Mume wangu, tungoje. Mvua itaosha damu, haitamwondoa yeye." Niliogopa kulala nikijua yuko huko nje. Saa tatu na nusu nilitoka, na binti akasema hatanikubalia niende peke yangu.

Tulifuata damu kwa taa za kichwani. Ilikuwa haba, tone hapa, tone hatua sita mbele. Binti alibeba kichupa cha ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Kwenye majani mekundu ya vuli huwezi kutofautisha damu na rangi ya jani, kwa hiyo alinyunyiza, akainama, akasubiri. Jani ambalo ni jani tu linabaki na unyevu. Jani lenye damu linachemka povu jeupe, sauti yake nyembamba unaisikia ukiwa umepiga magoti. "Hapa, Baba." Kila alama tukaifunga utepe mweupe. Tulifunga 17.

Kwenye utepe wa 17 kulikuwa na mahali palipolaliwa, majani yamebanwa, joto bado likihisika kwa kiganja. Alikuwa ametoka hapo sasa hivi. Tukasikia matawi yakivunjika mbele yetu, kwenda kilimani. Kisha kimya. Nikazima taa na binti akazima yake. Mvua ilianza kabla ya saa tano.

Novemba 12

Wote wanne tangu alfajiri. Tumepanga mstari, hatua kumi kati ya mtu na mtu, tukaupekua mteremko wa kilima hadi juu, tukarudi, tukapanda tena. Hakuna tone.

Novemba 13

Tena hadi giza. Tulifika hadi ukingo wa kijito upande huu. Hakuna kunguru, hakuna harufu. Nimesitisha.

Novemba 14

Tumekaa mezani. Kibali changu bado hakijatumika, sheria haisemi lolote juu ya mnyama asiyepatikana. Binti akasema, "Baba, yule ni wako." Hakusema kwa ukali. Nilikwenda nikaleta kibali, nikaandika tarehe, nikakikata. Msimu wangu umekwisha.

Mtoto mdogo alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Ni kwa sababu ya upinde wako kuvunjika?" Kumbe tangu Agosti alikuwa amebeba jambo hili. Nilimwonyesha namba nyekundu kwenye mkono wa upinde wa mbao, nikamwambia aisome kwa sauti. Akasoma, "Kumi na tano." Nikamwambia mwaloni uko 19 na nilijua. Safari hii nadhani ameniamini.

Nimekuwa nikiwafikiria Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao upinde kwao si msimu bali ni maisha. Mnyama mkubwa wanamfuma kwa mshale wa sumu kisha hawamkimbizi. Wanamwacha sumu ifanye kazi, wanarudi baadaye kufuata nyayo, mara nyingi wakiwa wameongeza watu. Kungoja ni sehemu ya kuwinda. Mimi nilikuwa na saa, nilikuwa na daftari, nilikuwa na mke aliyeniambia tungoje, na bado miguu ilinitoa nje.

Novemba 23

Siwindi, lakini nafanya mazoezi. Kila asubuhi mshale mmoja tu, mwili baridi, mita 15, naandika matokeo. Mwanangu amekuwa akija. Anakagua vitako vya mishale yake na vya dada yake, na sasa anatumia kioo cha kukuzia.

Desemba 7

Binti amefuma kulungu wake.

Alikuwa ameshaacha nafasi mbili zipite wiki hii, moja kwa sababu ya kitawi, nyingine kwa sababu jike lilikuwa linamtazama. Leo asubuhi, dungu la kijito, hewa inapanda, mimi nyuma yake bila upinde. Jike, mita 14, kichwa chini linakula. Alivuta na hakuna kilicholia. Akashikilia hadi mguu wa mbele ulipoenda mbele na kufungua ubavu. Nilisikia tikiti likipasuka.

Tulimsikia kulungu akianguka. Tulisikia kabisa, matawi na kishindo, hata hatua 40 hazikufika. Nikaanza kufungua mkanda. Akaweka mkono juu ya mkono wangu na kunionyesha saa. Tukakaa nusu saa, yeye akitetemeka meno, mimi nikimkumbatia kwa nyuma.

Alipofika kwa kulungu alipiga magoti na kuweka kiganja shingoni, akakaa hivyo bila kusema. Alipasua mwenyewe, mama yake akimwelekeza.

Desemba 31

Msimu umefungwa. Vibali vitatu vimetumika, kulungu wawili wako nyumbani. Pote za pinde zote zimepakwa nta.

Januari 11

Tumekwenda kushusha madungu. Theluji nyembamba, anga jeupe. Mimi na mke wangu tulikuwa tunafungua mikanda ya dungu la kijito tuliposikia mtoto mdogo anaita. Hakuita "Baba njoo" kama kawaida yake. Aliita mara moja tu na kunyamaza.

Alikuwa amevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Ng'ambo, chini ya ukingo, kwenye matete yaliyolala, palikuwa na mifupa na kipande cha ngozi. Mbweha walikuwa wameshamaliza kazi yao zamani. Fuvu lilikuwa limegeuka upande, pembe bado zimeshika. Ya kushoto, ncha ya pili imevunjika.

Tulipekua kilima siku mbili. Alipanda kidogo, tukamsikia, kisha akazunguka gizani na kushuka kwenye maji. Kulungu aliyepigwa tumboni mara nyingi hutafuta maji, nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa kuwinda, na nililisahau kwa sababu masikio yangu yalisikia matawi kilimani. Tulisimama ukingo wa upande huu Novemba 13, na kijito hapo hakifiki magotini.

Hakuna aliyegusa pembe. Binti alizibusu vidole vyake na kuvigusisha kwenye fuvu.

Utepe wa 17 bado ulikuwa umefungwa kwenye tawi. Mwanangu aliomba daftari na kalamu. Alirudi peke yake hadi kwenye utepe, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwetu akihesabu kwa sauti, akavuka mawe bila kupoteza hesabu, hadi miguu yake ilipofika kwenye matete. Mstari unaofuata ameuandika yeye.

*Kutoka utepe wa 17 mpaka kwa dume: hatua 212, kushuka, ng'ambo ya maji.*